Kufuli Nje, Mimi Ndani

Mjukuu wangu anafanya kazi ya kampuni iliyoko Nairobi, lakini hawezi kukuambia mlango wa kampuni hiyo uko upande gani kwa sababu hajauona. Kazi anaifanyia hapa Migori, kwenye chumba cha pili kutoka jikoni, kompyuta ikiwa juu ya meza ya cherehani ya marehemu bibi yake. Wiki iliyopita aliniomba jambo dogo.

"Babu, mtu akija kuniuliza kabla ya saa kumi, mwambie sipo."

Nilimjibu kwamba akitaka nitafagia uwanja, hata maji nitamchotea, lakini kumwambia mgeni kwamba aliye ndani hayuko ndani, hilo sitalifanya. Akacheka, akadhani ni mambo ya kanisa. Kanisa halimo. Mimi nilifanya kazi ya namna hiyo kabla mama yake hajazaliwa, na niliharibu kitu ambacho sikuweza kukitengeneza tena.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na cheti changu kilikuwa kizuri kiasi cha kuwafanya watu wa kwetu waniulize kila mwezi kwa nini bado sijawa mkuu wa wilaya, yaani D.C. Kazi niliyopata ilitoka kwenye chuo kimoja cha Nairobi kilichofundisha watu kwa posta. Askari, makarani na walimu wasio na vyeti walipelekewa masomo kwenye bahasha, wakajibu maswali, na majibu yao yakahitaji mtu wa kuyasahihisha. Mtu huyo nikawa mimi. Walinipa taipureta kuukuu, chupa tatu za wino mwekundu, na barua iliyosema ninaweza kufanyia kazi popote penye posta. Posta ilikuwepo Migori, mji ambao wengi bado waliuita Suna, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu. Lile neno "popote" nililisoma mara nyingi. Vijana niliosoma nao walikuwa Kisumu na Nairobi wakimwita mtu "bwana" tangu asubuhi hadi jioni. Mimi ningekunywa uji wa mama yangu na nisimwite mtu yeyote bwana.

Meza niliiweka kwenye simba yangu. Simba, kwetu Wajaluo, ni nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa. Hujengwa karibu na lango la boma la baba yake, mahali ambapo kila anayeingia lazima apite. Taabu ilianzia hapo.

Wakati ule watu waliielewa kazi kuwa ni mahali. Aliyeajiriwa alijulikana kwa mgongo wake akiondoka. Mwanamume mzima anayeonekana bomani saa nne asubuhi alikuwa mgonjwa, au mzee, au anangoja kutumwa. Mimi nilikuwa mzima wa afya na sikuwa na mvi.

"Kwa vile uko nyumbani," mama mdogo alizoea kusema akiwa mlangoni, "hebu nishikie huyu ndama nikamue."

Kwa vile nilikuwa nyumbani, nililinda karanga zilizoanikwa zisiliwe na kuku. Nilipeleka ng'ombe wa maboma matatu kwenye josho. Niliwasomea majirani barua za watoto wao, nikaandika majibu, kisha nikaitwa tena kwa sababu shangazi mmoja alikuwa amesahauliwa kwenye salamu. Wapimaji wa ardhi walikuwa wakipita kwetu siku hizo kuweka mipaka, na kila mwenye shamba alitaka shahidi anayejua kusoma. Nilisimama kwenye mipaka ya watu wengi kuliko chifu mwenyewe.

Halafu alikuwepo baba mkubwa, kaka wa baba yangu. Alikuja kila siku saa tano kukalia kiti changu cha pili, kwa kuwa kilikuwa na mgongo. Samaki aliowatoa sokoni aliwaweka juu ya chochote kilichokuwa mezani.

"Hivi wewe unafanya nini hasa?" aliniuliza siku moja.

"Nasahihisha majibu ya watu, baba."

"Watu gani?"

"Siwajui. Wako Mombasa, wengine wako Turkana."

"Na wakikosea unawafanya nini, na wao wako Mombasa?"

"Naweka alama nyekundu."

Akafikiri. "Wanaogopa?"

Akawageuza samaki wake upande wa pili. Mwezi uliofuata mwanafunzi mmoja wa Mombasa aliniandikia, kwa adabu sana, kuuliza kama kulikuwa na sababu ya karatasi yake kurudi na magamba.

Chuo nacho kikaandika, bila adabu hiyo, kwamba kazi yangu inachelewa. Hapo ndipo nikafanya jambo nililoliona la akili. Asubuhi moja nilivaa suruali ya kijivu, shati jeupe na tai, nikabeba mkoba, na nikaaga boma zima kwa sauti. Nikawaambia nimepata ofisi Homa Bay. Nitakuwa nikiondoka asubuhi kwa gari la rafiki yangu na kurudi jioni. Nikatembea hadi barabarani, nikakunja kona nyuma ya uzio wa minyaa, nikarudi kwa kuinama kupitia mahindi, na nikaingia simba yangu kwa dirisha la nyuma. Mama, ambaye peke yake nilikuwa nimemwambia, alishafunga mlango kwa kufuli upande wa nje. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso yake.

"Unataka niwadanganye watu?" aliniuliza usiku tuliopanga hayo.

"Si kudanganya, mama. Kazi ni kweli ninafanya."

"Na Homa Bay?"

"Hiyo ni sehemu ndogo tu."

Sitasema uongo, wiki za kwanza zilikuwa tamu. Nilimaliza kazi ya siku nzima kabla ya saa saba. Nikishaingia dirishani nilivua suruali na kuilaza chini ya godoro, maana hilo godoro ndilo lililokuwa pasi yangu, nikaketi mezani na shati, tai na kaptula ya ndani. Tai niliiacha shingoni kwa sababu niligundua bila tai alama zangu zinakuwa za huruma mno. Nje nilimsikia baba mkubwa akimweleza mgeni kwamba mtoto wao sasa ni mtu wa ofisi, haonekani, na alilisema kwa fahari. Nikafurahi kutoonekana.

Kisha utamu ukapungua. Vijana wa rika langu walimsindikiza mwenzetu kupeleka ng'ombe wa mahari, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna anayemsumbua mtu wa Homa Bay. Walipita mbele ya mlango wangu wakiimba. Niliwatambua kwa sauti mmoja mmoja, nimekaa umbali wa hatua sita na kalamu mkononi. Jioni, nilipojifanya nimerudi, sikuwa na habari ya kumpa mtu, kwa kuwa sikuwa nimekwenda popote. Nikaanza kuzungumza na karatasi. Askari mmoja wa Turkana, aliyeshindwa kabisa na desimali, nilimfahamu kuliko nilivyowafahamu ndugu zangu.

Wakati huo nilikuwa na mchumba. Tulikutana kwenye makambi, ile mikutano ya kanisa letu la Kisabato ambapo watu hulala kwenye mahema wiki nzima. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Oyugis. Alikuwa mcheshi, na kila alipoketi watu walisogea. Baba yangu alikuwa ameshapeleka neno kwao na halikukataliwa. Kilichobaki ni watu wake kuja kutuona. Katikati ya hayo tuliandikiana barua kwa Kiingereza tulichokuwa tukijivunia wote wawili.

Barua zake zilifika Migori pamoja na bahasha za chuo. Siku moja nilichukua karatasi moja kutoka kwenye rundo, nikaisahihisha, nikaifunga, nikanakili anwani iliyokuwa juu yake, nikaituma pamoja na nyingine hamsini. Baada ya wiki mbili nilitafuta barua ya mchumba wangu ili niijibu, na haikuwepo. Nikakumbuka vizuri sana niliyoyafanya. Mahali alipoandika, "Siku hizi naona umebadilika," niliandika pembeni, "Toa mifano." Aliposema ananikumbuka nilipigia mstari na kuandika, "Fafanua." Alimaliza kwa kusema yeye ni wangu daima. Nilimpa kumi na tatu kwa ishirini na kuandika chini kwa wino mwekundu, "Mawazo mazuri, ila mwisho ni dhaifu."

Niliomba radhi kwa barua ya kurasa nne. Sikujibiwa. Aliyekuja ni shangazi yake.

Kwetu shangazi ndiye anayetumwa kwenye shughuli kama hizo, na huja bila kutangaza, kwa sababu akitangaza ataonyeshwa boma lililofagiliwa. Alifika Jumanne, saa nne hivi, na mwanamke mwingine wa kumsindikiza. Baba alikuwa shambani. Mama aliwapokea kwa furaha, na kwa kuwa saa hiyo kivuli kilikuwa upande wa simba yangu, akawawekea viti hapo, migongo yao ukutani kwangu. Akawaletea karanga. Kati yao na mimi kulikuwa na udongo wa unene wa kiganja. Niliwasikia wakitafuna.

"Kijana yuko wapi?" shangazi akauliza.

"Ameenda kazini."

"Kazini wapi?"

Mama akawasogezea karanga. "Homa Bay."

"Ofisi gani?"

"Ile ya makaratasi."

"Ya serikali?"

"Ni makaratasi mengi," mama akasema.

Nilijaribu kusimama taratibu. Kiwiko changu kikagonga taipureta, ile sehemu inayobeba karatasi ikateleza mpaka mwisho, na kengele yake ikalia. Kutafuna kukakoma upande wa pili wa ukuta.

"Nini hiyo?"

"Mbuzi," mama akasema. "Tuna mbuzi mwenye kengele."

"Ndani ya nyumba iliyofungwa kufuli?"

"Ni mgonjwa. Tumemfungia."

"Pole yake," shangazi akasema, na akaendelea na karanga.

Ningeweza kutoka. Nimelifikiria hilo miaka yote hii, na sina sababu ya kujificha nyuma ya kaptula ya ndani. Ni kweli mtu hawezi kumtokea mkwe wake kupitia dirishani akiwa na tai bila suruali. Lakini suruali ilikuwa chini ya godoro, kuivaa ni dakika moja. Ningemwita mama anifungulie, nikaeleza kila kitu, tukacheka. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimezoea kutokuwepo. Wageni walikuwa wamenijia mimi, na bado nilikuwa nawangojea waondoke ili nimalize kazi.

Hawakuondoka haraka. Shangazi aliomba kunyoosha miguu, akazunguka nyuma ya nyumba, nikalala kifudifudi chini ya dirisha. Alisimama pale muda mrefu. Aliporudi aliaga, akasema kesho watapitia Homa Bay kumwona mgonjwa wao hospitalini, kwa hiyo watamsalimia kijana ofisini kwake.

"Atafurahi sana," mama akasema, kwa sauti ambayo sijaisahau.

Kesho yake nilipanda basi la kwanza, taipureta ikiwa ndani ya gunia la katani. Nilikuwa na mpango. Mwenzangu wa shule alikuwa karani huko Homa Bay, na nilitaka aniazime meza yake kwa saa moja. Nikaambiwa yuko likizo, na askari wa mlangoni hakuona kwa nini mtu mwenye gunia aingie. Mbele ya ofisi ya D.C. kulikuwa na baraza ambapo waandishi wa barua waliketi na taipureta zao, wakiwapigia watu maombi ya leseni na malalamiko ya mipaka. Nilimwomba mkubwa wao, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anipe nafasi.

"Kaa kule mwisho," akasema bila kuniangalia. "Lakini usituharibie bei."

Niliweka taipureta juu ya sanduku la sabuni, nikanyoosha tai. Saa tano shangazi akatokea na mwenzake. Akanipita, akarudi.

"Mwanangu, hii ndiyo ofisi?"

"Kwa leo, mama. Ndani wanapaka rangi."

Akatazama ukuta, ambao rangi yake ilikuwa ikibanduka tangu enzi za Mwingereza. Kisha akaketi kwenye benchi la wateja, akakunja leso yake vizuri magotini.

"Unaandika barua?"

"Naandika."

"Basi niandikie moja. Inakwenda kwa baba yako."

Niliweka karatasi. Vidole vyangu vilikuwa baridi, na Homa Bay si mahali pa baridi.

"Andika salamu kwanza. Sema jana tulifika, mama mwenye nyumba akatupokea vizuri. Karanga zake zilikuwa nzuri. Umeandika karanga?"

"Nimeandika."

"Sema kijana wako hatukumwona, lakini tulikuwa naye."

Nikasimamisha mikono. "Niandike hivyo hivyo?"

"Kama ninavyosema. Yeye alikuwa nyuma ya ukuta na sisi mbele ya ukuta. Nilizunguka nyuma, nikaona chini ya dirisha udongo umechubuliwa na viatu. Ni dirisha linalotumika kila siku."

Mwandishi wa barua aliyekuwa jirani yangu aliacha kupiga chapa ili asikie vizuri.

"Sema hatukuja kuangalia kazi yake. Kazi anayo, tumeisikia kwa masikio yetu. Binti yetu alitaka kujua jambo moja tu, kama huko ndani bado kuna mtu. Ile barua ya wino mwekundu ilimfanya aulize."

Nilifika mwisho wa mstari, na kengele ya taipureta ikalia. Shangazi akamgeukia mwenzake.

"Ndiye yule mbuzi," akasema. "Amepona."

Mwenzake akacheka mpaka akashika nguzo. Waandishi wote wa baraza wakacheka bila kujua kwa nini. Hata mimi nusura nicheke, na nadhani kama ningecheka kwa sauti, nikaondoka kwenye ile taipureta na kuketi naye benchini, mambo yangeweza kwenda njia nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa akinitazama kana kwamba ananipa nafasi. Lakini karatasi ilikuwa ndani ya mashine, haijakwisha, na mimi nikainamisha kichwa nikarudisha mstari.

Akangoja kidogo. Sauti yake iliporudi ilikuwa imebadilika.

"Sema binti yetu anapenda watu. Nyumba ambayo mwenyewe anaingilia dirishani, mke ataingilia wapi?" Akavuta pumzi. "Sasa mwisho. Uwe na nguvu, binti alituambia hupendi mwisho dhaifu. Andika: Tunawashukuru. Hatutarudi."

Nikaandika. Akaweka dole gumba kwenye wino, akapiga alama, akanilipa bei ya baraza, kamili, ili nisiwaharibie wenzangu.

"Hukukosea mahali?"

"Sikukosea, mama."

"Vizuri." Akaikunja barua na kunirudishia. "Mpelekee baba yako. Au utabaki ofisini?"

Baba yangu hakujua kusoma. Barua zote zilizoingia bomani nilimsomea mimi, kwa vile nilikuwa nyumbani. Alasiri ile alikaa kwenye kigoda chake nje ya nyumba ya mama, nami nikasimama mbele yake. Ningeweza kusoma chochote nilichotaka. Ndani ya basi nilikuwa nimeshatunga barua nyingine kabisa, nzuri, ambamo binti alikuwa mgonjwa. Nilisoma ile iliyoandikwa.

"Rudia pale pa ukuta," baba akasema.

Nikarudia.

"Nani aliyeandika hii?"

"Mimi, baba."

Aliichukua karatasi, akaigeuza huku na huku. Mama alikuwa jikoni, hasikiki hata kugusa sufuria. "Imeandikwa vizuri," baba akasema mwishoni, kisha akamwita mama na kumwambia afungue lile kufuli na kulitupa chooni. Mama alifungua. Chooni hakulitupa, maana lilikuwa kufuli jipya. Alilitumia kwenye ghala la mahindi.

Baba mkubwa alikuja kesho yake saa tano, akanikuta mlango ukiwa wazi.

"Homa Bay imeisha?"

"Imeisha, baba."

"Nilijua haitadumu," akasema, akatafuta mahali pa kuweka samaki. Nikamsogezea karatasi za yule askari wa Turkana, ambaye sasa alikuwa amezielewa desimali.

Chuo kiliniachisha kazi mwaka uleule, nami nikawa mwalimu, kazi yenye mahali pake na kengele yake. Nilioa, na nikaoa vizuri. Yule mwingine nilimwona mara moja tu, makambini, miaka mingi baadaye. Alikuwa ameketi katikati ya wanawake kumi hivi, wote wakicheka kwa jambo alilolisema. Nilitaka kulisikia. Sikusogea.

Jana jirani alikuja kumwuliza mjukuu wangu, saa nane na nusu. Nilimwambia yuko ndani, anafanya kazi, anamaliza saa kumi. Nikamwekea kiti ukutani, chini ya dirisha lake, nikaleta karanga, nikaketi naye. Tulizungumza kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Saa tisa dirisha likafunguliwa, mjukuu wangu akatoa kichwa, amekasirika.

"Babu, mnanisumbua."

"Najua," nikamwambia, nikamnyooshea sahani. Alisimama pale akituangalia, kisha akatoa mkono, akachukua.